Mchele wa Pishori wa Mwea: asili yake, na namna ya kuuchagua, kuuhifadhi na kuupika bila kuipoteza harufu yake

Thamani ya mchele wa Pishori imo katika harufu yake. Urefu wa punje na weupe wa wali ni sifa ambazo michele mingine huweza kuzitoa kwa bei nafuu, lakini ile harufu inayomfikia mgeni akiwa bado uani haipatikani kwa kila mchele, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyo rahisi kupotea kuliko sifa zote. Hupotea shambani mbegu ikichanganyika, hupotea juani, hupotea mashineni, hupotea ghalani na hupotea jikoni, hata mtu aliyelipa bei ya Pishori akajikuta anakula wali wa kawaida. Mwongozo huu unaifuata harufu hiyo kutoka kwenye mbegu hadi kwenye sufuria. Historia imetangulizwa kwa sababu mnunuzi asiyejua mpunga huu ulikotoka hataelewa kwa nini una bei, wala kwa nini watu wanashawishika kuuchanganya.

Mbegu ilikotoka

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki walikula wali karne nyingi kabla ya kuwako kwa mashamba ya Mwea nchini Kenya. Mabaki yaliyochimbuliwa Tumbe na Chwaka, kisiwani Pemba, yanaonyesha kwamba wenyeji wa kale walitegemea zaidi mawele, kisha kuanzia takriban karne ya 11 mpunga ukachukua nafasi ya kwanza. Ibn Battuta naye, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sinia kubwa la mti.

Pishori, hata hivyo, ina nasaba yake ya pekee. Ni Basmati, mpunga wa nyanda za Punjab chini ya milima ya Himalaya, na jina lake la Kiswahili hunasibishwa na mji wa Peshawar. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha utafiti wa mpunga huko Kala Shah Kaku, karibu na Lahore, katika eneo ambalo leo ni Pakistan. Mtafiti Sardar Mohammad Khan alichagua mimea bora kutoka katika mbegu za kienyeji za wakulima, na mwaka 1933 aina aliyoipata ikatolewa rasmi kwa jina la Basmati 370. Haikuwa chotara. Ilikuwa mbegu ya wazee iliyotakaswa, na ndiyo hiyo ambayo mpaka leo inalimwa Mwea.

Mashamba ya Mwea yenyewe yalianza mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, na mifereji ya mwanzo ilichimbwa kwa nguvu za watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni katika vita vya Mau Mau. Wakulima wa kwanza walipewa vipande vya takriban ekari 4 kama wapangaji, wala si kama wenye mali. Miaka ya mwanzo mpunga uliotawala ulikuwa Sindano. Basmati 217 na Basmati 370 zilifuata, zikapendwa sokoni na kuusukuma Sindano kando. Baada ya uhuru, Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji iliyoundwa mwaka 1966 ilichukua usimamizi, na mkulima akalazimika kuikabidhi mavuno yake yote isipokuwa kiasi kidogo cha kula nyumbani. Mwaka 1998 wakulima walikataa utaratibu huo na kuanza kuuza mpunga wao wenyewe. Tangu hapo mashine za kukoboa zimezagaa mjini Wang'uru, na Pishori ikawa bidhaa ya soko huria, pamoja na neema na hila zote za soko huria.

Mazingira nayo yaliikubali mbegu hiyo. Mwea ipo kusini mwa Mlima Kenya, kwa urefu wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hulishwa na mito ya Thiba na Nyamindi, na udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji. Basmati hunukia zaidi punje zinapojaa katika hali ya ubaridi kiasi, na usiku wa Kirinyaga, kaunti yenye Mwea, huwa na ubaridi ambao mabonde ya joto hayana. Ndiyo maana mbegu ileile ikipandwa mahali pa joto kali huweza kutoa punje ndefu na nzuri kwa macho, lakini ikapungukiwa na harufu.

Shambani

Harufu ya Pishori hutokana na ulemavu mdogo wa jeni moja. Katika mipunga mingi jeni hiyo hufanya kazi na kuizuia kemikali iitwayo 2-asetili-1-pairolini isijikusanye. Katika Basmati haifanyi kazi, kwa hiyo kemikali hujikusanya katika majani na katika punje. Ndiyo hiyohiyo inayonukia katika jani la mkadi ambalo watu wa kusini-mashariki mwa Asia hulitia katika vyakula vyao. Mmea hunukia tu ukiwa umeurithi ulemavu huo kutoka pande zote mbili, na kwa sababu hiyo mpunga wa kawaida ukijipenyeza katika shamba la mbegu, kizazi kinachofuata hakina dhamana.

Mpunga hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake mwenyewe kwa misimu kadhaa, mradi aitunze. Hatari kubwa ni mchanganyiko wa gunia na gunia. Pishori huzaa kidogo kuliko jamaa zake. Punje chache za aina yenye kuzaa sana zikiingia katika mbegu, kila msimu sehemu yake huongezeka hadi shamba likabaki Pishori kwa jina tu. Pitia kitalu na shamba mara mbili, wakati wa kuchanua na siku chache kabla ya kuvuna, ukang'oe kila shina lililochanua mapema au kuchelewa, lililo fupi kuliko wenzake au lenye suke la umbo tofauti. Ukitilia shaka shina fulani, chuma jani lake bichi, likatekate, litie katika kikombe cha maji ya moto, funika kwa dakika chache kisha unuse: jani la Basmati hujitambulisha. Baada ya misimu mitatu au minne, ni busara kununua upya mbegu iliyothibitishwa.

Usiongeze urea kwa tamaa. Basmati 370 ni mpunga mrefu wenye shina jembamba, na ukilishwa sana huanguka kabla ya kuiva, na pia hushikwa upesi na ugonjwa wa kuvu uitwao blasti, ambao ndio adui wake mkuu. Kilimo shadidi, kilichoanza kuenezwa Mwea mwaka 2009, kinaufaa mpunga huu: miche michanga ya siku 8 hadi 15 hupandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, na shamba huachwa likauke kidogo kabla ya kutiwa maji tena, hivyo shina hupata mizizi ya kutosha na maji hupungua. Ndege wala nafaka waitwao kwelea kwelea hawajali njia ya kilimo, na konokono waharibifu walioingia Mwea kuanzia mwaka 2020 hupenda miche michanga kupita kiasi, kwa hiyo wiki za kwanza huhitaji jicho la karibu.

Kukausha na kukoboa

Hatua hii huharibu mchele mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Mpunga uliovunwa ukiwa na unyevu mwingi ukianikwa ghafla kwenye jua kali la saa sita, punje hupata nyufa ndani ya ganda, na mashine ikizikoboa hutoka chenga. Uanike juu ya turubai, si juu ya lami, kwa unene usiozidi sentimita 5, uugeuze mara kwa mara, na jua likiwa kali mno uukusanye na kuufunika. Lengo ni unyevu wa asilimia 14. Wakoboaji wengi wana kipimo. Asiye nacho aume punje, ikivunjika kwa mlio mkavu, badala ya kubonyea, iko tayari.

Mashineni, mwambie mkoboaji asiupitishe mchele mara nyingi kwa ajili ya weupe. Kila mpitisho huongeza joto na kuzivunja punje, na weupe wa kumetameta si sifa ya Pishori. Maganda, ambayo ni karibu moja ya tano ya uzito wa mpunga, siku hizi hutandikwa katika mabanda ya kuku au kushindiliwa kuwa makaa ya kupikia. Pumba huliwa na nguruwe na kuku. Na majani hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa mkulima mdogo mapato hayo ya pembeni si ya kudharauliwa.

Kununua

Kenya huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje, na mchele huo mara nyingi ni nafuu kuliko Pishori. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayozaa uchanganyaji. Sisemi kwamba mchele mwingine ni mbaya: Supa na mchele wa Kyela kutoka Tanzania hunukia vizuri na una heshima yake, na Komboka, unaolimwa pia Kenya, humpa mkulima mavuno makubwa zaidi pamoja na harufu kiasi. Kosa ni kuuza mchele mmoja kwa jina la mwingine.

Anza kwa macho. Mimina kiganja cha mchele juu ya karatasi ya rangi ya giza. Punje za Pishori ni nyembamba, zina urefu wa karibu milimita 7, na rangi yake ina weupe wa maziwa kuliko weupe wa chaki. Ukiona punje za unene wa aina mbili au tatu katika kiganja kimoja, huo ni mchanganyiko, hata kama gunia limeandikwa nini. Chenga chache hazina ubaya. Hata mimi huwa na wasiwasi na mchele usio na chenga kabisa ukiuzwa kama wa mashine ya mtaani.

Kisha tumia pua, lakini usiiamini haraka. Pishori mbichi hunukia kwa upole. Uifumbate mkononi, uipulizie pumzi ya moto, kisha unuse. Mchele uliotiwa manukato hufanya kinyume: hunuka kwa nguvu mno ungali mkavu, halafu harufu huondoka na maji ya kwanza ya kuoshea. Kwa hiyo jaribio la kweli ni la moto. Mwombe muuzaji vijiko viwili vya mchele, vioshe nyumbani, vitie katika glasi, mimina maji yanayochemka na ufunike kwa sahani kwa dakika 15. Ukifunua, Pishori halisi itakuwa imenukia zaidi ya ilivyokuwa kavu. Fanya hivyo kabla ya kununua gunia. Ukichemsha punje kumi kando, uzipime pia kwa rula: Basmati hurefuka ikiiva, hadi karibu maradufu, bila kunenepa sana, na mchele mwingi wa kughushia hupanuka ubavuni.

Uliza pia mavuno ni ya lini. Mchele mpya hunukia zaidi lakini hushikana upesi. Uliokaa miezi sita au zaidi hupungukiwa na harufu kidogo, lakini wali wake huwa chambachamba na punje hurefuka vizuri. Wahindi na Wapakistani huithamini Basmati iliyokaa mwaka mzima au zaidi. Kwa maoni yangu, mchele mpya ununuliwe kwa ajili ya wali wa nazi na wali mweupe wa kila siku, na uliokaa utengwe kwa biriani.

Kuhifadhi

Harufu ya Pishori ni kitu kinachoruka hewani, na mchele wenyewe hunyonya harufu za jirani zake. Gunia lililowekwa karibu na mafuta ya taa au sabuni litakunyima haki yako hata kama lilitoka Mwea asubuhi. Hamishia mchele katika ndoo au mtungi unaofunga barabara, uweke mahali pa baridi na giza, na usinunue zaidi ya utakachomaliza katika miezi michache. Ukiogopa fukusi, gawa mchele katika mifuko na uiweke kwenye friza kwa siku nne, kisha uiache irudie joto la kawaida ikiwa bado imefungwa, ili umande usiingie ndani. Mchele usiokobolewa sana, ule wenye ngozi yake ya kahawia, una mafuta yanayochacha, kwa hiyo uwekwe kwenye jokofu na uliwe mapema.

Kupika

Chambua na upepete mchele, kisha uoshe katika beseni kwa kuuzungusha kwa vidole, si kwa kuusugua, ukibadilisha maji mara tatu hivi. Uloweke katika maji safi kwa dakika 20 hadi 30. Kuloweka si mapambo: punje iliyoingia maji huiva kwa muda mfupi, na kadiri muda wa moto unavyopungua ndivyo harufu inavyobaki. Uchuje kabisa kabla ya kuupika.

Kwa wali wa nazi, vikombe viwili vya mchele uliolowekwa huhitaji nazi moja kubwa. Kamua nusu kikombe cha tui zito na ulitenge, kisha ukamue tena upate vikombe viwili na nusu vya tui jepesi. Chemsha tui jepesi pamoja na chumvi huku ukilikoroga lisikatike. Tia mchele, ukoroge mara moja tu, na uuache uchemke bila kufunikwa hadi tui lishuke usawa wa mchele na vishimo vidogo vianze kuonekana juu. Hapo mimina tui zito kwa kulizungusha, punguza moto mpaka uwe mdogo kabisa, funika na upalie makaa juu ya kifuniko. Asiye na jiko la makaa atandaze kitambaa safi chini ya kifuniko, akunje ncha zake juu zisiguse moto, na aache sufuria kwenye moto mdogo kwa dakika 15. Kisha ipua, na usifunue kwa dakika 10 nyingine. Mpishi anayefunua kila mara ili aone wali umefikia wapi ndiye anayeitoa harufu nje kwa mkono wake. Mchele ukiwa mpya kabisa, punguza tui jepesi kwa robo kikombe.

Kwa biriani, chemsha maji mengi yenye chumvi, tia mchele uliolowekwa, na baada ya dakika tano uanze kuuma punje. Ukikuta ncha zimelainika na katikati pana kiini chembamba cheupe, mwaga maji papo hapo. Tandaza mchele juu ya masala, nyunyiza zafarani iliyolowekwa pamoja na samli, funika pasitoke mvuke, na uache kwenye moto mdogo kwa dakika 20 hadi 25. Hapa Pishori hung'ara, kwa kuwa viungo viko chini na mchele unabaki na sauti yake.

Kuhusu pilau najua nitapingwa. Bizari nyembamba, karafuu, mdalasini na pilipili manga vikikaangwa pamoja na vitunguu hadi viwe vyeusi, hakuna harufu ya mchele itakayosikika, na mpishi angetumia mchele mwingine wowote wa punje ndefu, akaokoa fedha. Anayeng'ang'ania Pishori apunguze viungo kwa nusu.

Wali unaobaki usilazwe sufuriani. Bakteria wanaostahimili kuchemshwa huamka wali unapokaa vuguvugu, kwa hiyo utandaze kwenye sinia upoe, uutie kwenye jokofu kabla saa mbili hazijapita, na ukiupasha, uupashe mara moja tu hadi utoe mvuke.

Chenga na unga

Chenga za Pishori huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko punje nzima, ilhali harufu yake ni ileile. Hizo ndizo za kununua kwa uji, kwa mseto wa choroko, na kwa unga. Unga wa mchele hauna gluteni, na kwa hiyo umepata wateja wapya miongoni mwa watu ambao miili yao inakataa ngano, lakini wapishi wa pwani walikuwa wakiutumia zamani katika mkate wa kumimina, vibibi na vitumbua.

Kwa vitumbua, loweka vikombe viwili vya chenga usiku kucha, uchuje, kisha usage kwa mashine pamoja na kikombe kimoja cha tui zito, kijiko kidogo cha hamira, nusu kikombe cha sukari na iliki punje tano zilizotwangwa. Saga mpaka ukiufikicha kati ya vidole usisikie chembechembe. Iliki isizidi hapo, maana nayo hufunika harufu ya mchele. Acha mchanganyiko uumuke kwa saa moja mahali pa joto. Uzito wake uwe wa kumiminika polepole kutoka kwenye upawa, na ukiwa mzito kupita hapo, ongeza tui kidogo. Pasha chuma cha vitumbua kwa moto wa wastani, tia kijiko kimoja cha mafuta katika kila shimo, mimina mchanganyiko hadi robo tatu ya shimo, na ugeuze kwa kijiti kingo zikishaanza kuwa za kahawia na juu kukiwa bado na umajimaji. Moto ukiwa mkali, nje kutaungua na ndani kutabaki mbichi, kwa hiyo kitumbua cha kwanza kivunjwe na kukaguliwa kabla ya kuendelea na vingine.